Nimeipita Nukta

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Leo nimeanza rasmi. Kiwanda cha chaki! Kiwanda ni neno kubwa, najua, lakini chumba cha mbele kina meza, kalibu mbili za chuma zenye matundu mia mia, ndoo tatu, magunia ya jasi, na mimi. Viwanda vingine vina nini zaidi?

Miaka kumi na tisa nimetunza stoo ya shule. Kila Jumatatu walimu walijipanga mlangoni kwangu kuomba chaki, hata wale wenye digrii. Siku niliyopunguzwa kazi nilijiambia: hawa hawakuja kwa sababu ya sura yangu, walifuata chaki. Basi nitawapelekea chaki. Laki mbili na arobaini za kiinua mgongo zimekwenda kwenye kalibu, meza na mhuri wa kugonga maboksi. Kilichobaki nimenunulia jasi.

Mama Pacha, mke wangu, ni fundi cherehani; pacha wenyewe wako shule ya bweni. Chumba cha mbele kilikuwa chake. Kina dirisha kubwa, mwanga mzuri wa kupitisha uzi. Nimemwomba anipishe kwa muda. Cherehani sasa iko kwenye korido, kati ya jiko na bafu. Leo amempima mteja kiuno huku mpangaji wa nyuma akipita na ndoo ya maji, akiomba samahani.

Mama Pacha hakupiga kelele. Angepiga kelele ningefurahi zaidi. Amesema ananipa mpaka mwisho wa mwezi. Tarehe thelathini na moja nimwonyeshe kwa hesabu kwamba chaki zinarudisha pesa iliyoingia. Nisipomwonyesha, cherehani inarudi dirishani na mimi nakwenda kufanya kazi kwa kaka yake.

Kaka yake! Shemeji! Ana duka la vifaa vya ujenzi na penseli sikioni. Aliniahidi kazi ya kupima misumari, na aliniahidi mbele ya watu, akinipiga-piga mgongoni.

Ee Mungu, nipime kwa chochote ila misumari.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Chaki za kwanza zimetoka. Nyeupe kama meno ya mtoto! Katika kila mia zinavunjika chache wakati wa kutoa kwenye kalibu. Zilizovunjika natupia kwenye gunia chini ya meza. Siwezi kuziuza, na kuzitupa roho inauma.

Jasi inapaa. Nyusi nyeupe, redio nyeupe, Biblia nyeupe. Nimepiga chafya katikati ya sala ya asubuhi, na likatoka wingu.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Nimeuza maboksi sitini! Shule yangu ya zamani imechukua arobaini, na shule ya chekechea ishirini. Mwalimu mkuu alisema hakujua kama nina kipaji. Nilimwambia hata mimi sikujua.

Boksi moja lina chaki mia. Nauza elfu moja na mia mbili. Muuza Kalamu, yule wa duka la vifaa vya shule ng'ambo ya barabara, anauza za kiwandani elfu moja na mia tatu. Leo alisimama mlangoni kwake mikono kiunoni, akinitazama nikipita na toroli. Nikampungia mkono. Hakunipungia.

Mungu nisamehe, nilipunga mara ya pili kwa makusudi.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Siku kubwa. Baada ya ibada nimemvizia Mweka Hazina wa kanisa. Ni karani wa hesabu mstaafu, mtu wa kunong'ona, anayeihesabu sadaka mara tatu hata ikiwa sarafu nne. Nikamweleza habari za tarehe thelathini na moja. Akanikalisha kwenye benchi la wanakwaya, akageuza karatasi ya matangazo, akaandika nyuma yake.

Akasema kila biashara ina nukta yake. Nukta ya kurudisha gharama. Kabla ya kufika hapo unakula hasara, ukishapita unapata faida, na ukisimama juu yake kabisa huna hasara wala faida, umerudi ulipoanzia. Nikamuuliza kama kweli watu wenye akili zao wanahangaika hivyo ili warudi walipoanzia. Akasema wengi hata hapo hawafiki.

Njia yenyewe ni hii. Chukua pesa uliyotumia mara moja tu, yaani kalibu, meza, mhuri: laki mbili na arobaini. Weka pembeni. Kisha chukua bei ya boksi, utoe gharama ya kulitengeneza. Jasi mia tano hamsini, mafuta ya kupaka kalibu hamsini, boksi tupu mia mbili: jumla mia nane. Elfu moja na mia mbili toa mia nane, zinabaki mia nne. Hiyo mia nne ndiyo inayofanya kazi ya kurudisha. Gawanya laki mbili na arobaini kwa mia nne.

Mia sita!

Nikiuza maboksi mia sita nimefika. Sitini tayari. Mia tano na arobaini tu, na walimu wamejaa dunia nzima.

Mweka Hazina akanong'ona kwamba namba hiyo haitulii mahali pamoja, ukigusa bei nayo inasogea. Nilimshukuru. Sikumsikia vizuri, kwaya ilikuwa imeanza mazoezi.

Nimeandika 600 kwa chaki mlangoni kwa ndani. Mama Pacha ameitazama akauliza ni nini. Nikamwambia ni Nukta. Akauliza kama Nukta inakula chakula cha mchana au aandae sahani mbili tu.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Muuza Kalamu ameshusha bei! Ubao mlangoni kwake: chaki elfu moja na mia moja. Maandishi yenyewe kayaandika kwa chaki. Yake.

Chekechea wamehamia kwake leo leo. Sikulala mchana. Nimepiga moyo konde, nimeshusha mpaka elfu moja kamili. Kisha nikapiga hesabu: elfu moja toa mia nane, mia mbili. Laki mbili na arobaini gawanya kwa mia mbili, elfu moja na mia mbili.

Maboksi elfu moja na mia mbili! Jumapili ilikuwa mia sita! Nukta imeniona nakuja ikakimbia.

Nimefuta 600 mlangoni, nimeandika 1,200. Sikati tamaa. Nitaifuata huko huko.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba

Siku mbaya. Mawingu tangu alfajiri, chaki hazikauki, na nimeahidi maboksi thelathini kwa shule ya wasichana. Nikapata wazo. Pasi ya Mama Pacha! Nikazipanga chaki mezani, nikatandika kitambaa juu, nikapitisha pasi polepole. Zikakauka! Na nyingi zikavunjika, lakini zikiwa kavu.

Kumbe pasi imenasa jasi kwa chini. Na Mama Pacha akaichukua akainyooshea suruali nyeusi ya bwana harusi.

Mistari mitatu myeupe, kutoka paja mpaka goti.

Nilimwambia mistari inampendezesha mwanaume mfupi. Akasema bwana harusi huyo ni mrefu. Akasema tena, kwa utaratibu, kwamba kwenye korido haoni uzi, wateja wawili wamehamia kwa fundi mwingine kwa sababu hawataki kuvulia nguo zao karibu na sufuria, na kwamba ile pesa ya cherehani ndiyo inayolisha nyumba hii wakati mimi nafukuza Nukta. Kisha akakaa akaifua suruali kwa mkono.

Nimeona aibu. Nimesali kwa magoti, nimesimama na miduara miwili myeupe magotini.

Ili kumfurahisha nimempa gunia la chaki zilizovunjika, aliloniomba wiki iliyopita. Alisema fundi huhitaji kitu cha kuchorea kitambaa. Nikamwambia achukue lote, sina roho ndogo.

Maboksi thelathini nimeyapeleka.

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba

Muuza Kalamu: mia tisa! Huyu mtu hana hofu ya Mungu. Nimemkuta kwa kinyozi, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba chaki za nyumbani ni nzuri kwa kuchorea chini watoto wakicheza. Watu wakacheka. Kinyozi naye alicheka, na wembe uko shingoni kwangu.

Nimerudi nyumbani damu inachemka. Nimekata shauri. Mia saba! Aje hapo kama ni mwanaume!

Nikapiga hesabu kwa kikokotoo cha simu. Mia saba toa mia nane. Kikatoa mia moja, na kakistari kadogo mbele. Nikagawanya. Kikatoa elfu mbili na mia nne, na kakistari kale kale mbele.

Hasi elfu mbili na mia nne.

Nilikaa kwenye ndoo nikafikiri. Mia sita maana yake yamebaki maboksi mia sita kufika. Sifuri ingekuwa na maana nimefika. Sasa namba ikiwa chini ya sifuri, maana yake si nimepita?

Nimepita! Nimeipita Nukta kwa maboksi elfu mbili na mia nne, na sijauza hata mia moja! Nilirudia mara nne, simu ni ile ile, jibu ni lile lile. Machozi yalinitoka. Kumbe siri ilikuwa kushusha bei tu, na wafanyabiashara wote wameificha.

Nimemwita Mama Pacha aone. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma akizisugua zile chaki mbovu kwenye jiwe, moja moja, kwa nguvu. Nadhani bado ana hasira ya suruali. Akafuta mikono, akatazama simu, akauliza hako kakistari ni ka nini. Nikamweleza. Akasema, "Sawa, Baba Pacha," akarudi kusugua.

Jumapili, tarehe 19 Oktoba

Nimetoa sadaka ya shukrani. Nilisimama mbele ya watu nikasema Bwana amenivusha. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akauliza amenivusha nini, nikasema Nukta. Akasema amina, japo nadhani hakunielewa.

Mweka Hazina hakuwepo, kasafiri kwa mwanawe. Pole yake, angejivunia mwanafunzi wake.

Wakati wa sala ndefu nilifumbua jicho moja nikahesabu walimu. Kumi na mmoja. Baada ya ibada niliwafikia tisa.

Alhamisi, tarehe 23 Oktoba

Maboksi mia tatu kwa wiki moja! Mia tatu! Wanakuja wenyewe, wanabisha hodi nikiwa bado na mswaki mdomoni. Hata Muuza Kalamu alituma mtu aje anunue hamsini. Nilimjua yule mtu, ni shemeji yake. Nikamuuzia kwa furaha, nikasema leo adui kapiga magoti. Baadaye nimeyaona maboksi yangu yamepangwa dukani kwake, yameandikwa mia tisa.

Hili sikulielewa vizuri. Nimeliweka kando.

Kuna jambo dogo. Kopo la pesa ni jepesi. Nimeuza mia tatu, nimenunua jasi ya kutengenezea mia tatu, na kila nikinunua pesa inapungua. Nimekagua kopo kama lina tundu. Halina. Nimemuuliza Mama Pacha kwa upole kama amechukua chochote. Akaniuliza kwa upole kama nataka kulala kwenye gunia la jasi.

Nimeomba msamaha. Kesho naongeza kasi, labda pesa zimechelewa njiani.

Jumapili, tarehe 26 Oktoba

Mweka Hazina amerudi. Nimemwonyesha kila kitu: hesabu, kakistari, shukrani. Alianza kucheka kwa kunong'ona. Kisha miwani ikaanguka. Kisha akashika benchi. Wanakwaya wakaja kuuliza kama aletewe maji.

Alipotulia alinishika bega. Akasema kakistari kale maana yake kila boksi linapotoka mlangoni kwangu natoa na shilingi mia moja juu yake, zawadi kwa mnunuzi. Akasema sijaipita Nukta. Nimeipa mgongo, natembea kwenda upande mwingine, na kadiri ninavyouza ndivyo ninavyotembea haraka.

Tukapiga hesabu wote wawili. Maboksi sitini ya kwanza yalirudisha elfu ishirini na nne. Thelathini ya shule ya wasichana, elfu sita. Jumla elfu thelathini. Mia tatu ya bei ya mia saba yamekula elfu thelathini.

Sifuri. Maboksi mia tatu na tisini, mikono imepasuka kwa jasi, na kilichorudi ni sifuri. Akanong'ona kwamba hapo hatujahesabu zilizovunjika. Nikamwomba tusizihesabu, ni siku ya Bwana.

Zimebaki siku tano. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili nisipite mbele ya duka la Muuza Kalamu. Mama Pacha alikuwa kwenye korido akishona mkono wa gauni, taa imewashwa mchana kweupe ili aone sindano. Nilipita ubavu ubavu nikaenda kunawa jasi mikononi.

Jumatano, tarehe 29 Oktoba

Nimerudisha bei elfu moja na mia mbili. Hakuna aliyebisha hodi. Mwalimu mkuu kasema ana chaki za kumtosha mpaka astaafu.

Nimesali. Nimemwambia Mungu ukweli, kwamba nilimshukuru kwa kitu ambacho hakukifanya, na asinichukulie vibaya. Nimeanza kuitazama misumari kwenye fremu ya dirisha. Si vitu vibaya sana. Vinyoofu.

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba

Siku ya hesabu.

Shemeji alifika saa nne asubuhi, bila kubisha hodi, penseli sikioni. Ameleta aproni! Ya kijani, mpya, mfukoni imeandikwa MISUMARI. Akaisimamisha mbele ya kifua changu kuona kama inanitosha. Akasema, "Bwana shemeji, hesabu zimetoka au nikusaidie kubeba meza?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli. Nilisema. Nilimtazama Mama Pacha, si yeye, nikasema: nimeuza mia tatu na tisini, nimerudisha sifuri, nimekunyang'anya dirisha lako bure, nisamehe. Kisha nikanyoosha mkono kuchukua aproni.

Mama Pacha akasema ngoja.

Akaenda kwenye korido, akarudi na kopo lake la vifungo. Akalimimina mezani. Hakikutoka kifungo hata kimoja. Zilitoka noti, zimekunjwa vizuri, zimefungwa kwa uzi wa rangi. Shemeji akahesabu. Elfu sabini na mbili.

Ni zile chaki mbovu! Alikuwa anazisugua kwenye jiwe mpaka zinakuwa na makali, kama wembe, kwa sababu chaki ya fundi lazima ichore mstari mwembamba. Anafunga kumi na mbili kwenye karatasi, anapeleka duka la nyuzi kwa mia sita. Mafundi wa soko zima wanazigombania. Pakiti mia moja na ishirini! Akasema alijua tangu siku ya kwanza kwamba hizi chaki ni laini mno kwa ubao, lakini kwa kitambaa zinateleza vizuri na zinafutika. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningeshusha bei.

Shemeji akajikuna kwa penseli. Akakubali mwenyewe, kwa shingo upande, kwamba elfu sabini na mbili kutoka kwenye laki mbili na arobaini, kwa wiki mbili, ni biashara.

Hukumu ya Mama Pacha: cherehani inarudi dirishani leo hii. Meza yangu inakatwa nusu, inakaa kwenye kona. Mimi natengeneza chaki, yeye anasugua na kuuza, na pesa zinakaa kwenye kopo la vifungo. Misumari hapana. Shemeji aliondoka bila aproni, maana Mama Pacha aliishika akasema inafaa kwa vumbi la jasi.

Tulisukuma cherehani wawili. Alipokaa dirishani alipitisha uzi mara moja tu, bila kulamba. Akatabasamu. Niligeuka nikajifanya nakoroga ndoo.

Bwana asifiwe, na safari hii ametenda kweli. Nimeipata akili. Sigusi bei tena maisha yangu yote.

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Muuza Kalamu ameleta chaki za mafundi! Mia tano pakiti! Ameandika ubaoni kwa herufi kubwa, na alipoiona aproni yangu aliniuliza misumari kilo bei gani.

Mama Pacha kasema tusimjali, za kwake ni ngumu zinakwaruza hariri, mafundi watarudi. Anasema vizuri, lakini yeye ni fundi, hajasoma hesabu za Nukta. Mimi nimesoma.

Nimekaa kwenye ndoo na simu. Zimebaki laki moja na sitini na nane kurudisha. Pakiti moja inanigharimu jasi na mafuta shilingi sabini na mbili. Nikiuza shilingi sitini, Muuza Kalamu atafunga duka kabla ya Krismasi. Sitini toa sabini na mbili. Gawanya.

Hasi elfu kumi na nne!

Elfu kumi na nne! Ile ya kwanza ilikuwa elfu mbili na ushee tu. Najua Mweka Hazina alisema kakistari ni kabaya. Lakini yeye alizungumzia maboksi ya shule. Pakiti za mafundi hatukuzigusa kabisa, na nakumbuka vizuri maana nilikuwa nimekaa naye benchi moja.

Nimekwenda mwenyewe duka la nyuzi, nimeacha bei mpya, na nimemsihi mwenye duka asimwambie Mama Pacha chochote mpaka mwisho wa mwezi. Nataka iwe zawadi.